Kompyuta Isiyonguruma

Chukua mfano wa mkalimani wa Kiswahili anayefanya kazi nyumbani kwake, katika mji mmoja wa Marekani. Simu inaingia saa tano za usiku. Upande mmoja yuko daktari, upande wa pili yuko mama aliyetoka mashariki mwa Kongo, na daraja lao ni sauti ya mkalimani peke yake. Ghafla kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe inaanza kunguruma chini ya meza. Mama anaomba arudiwe: ni vidonge viwili au vitatu? Hapo kelele ya feni huacha kuwa kero ndogo ya nyumbani, ikawa jambo la afya ya mtu.

Wengi wanaojiundia kompyuta ya mezani hudhani kuwa dawa ya joto ni feni yenye nguvu zaidi. Dhana hiyo ndiyo inayozaa kelele. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kawaida huandikiwa wati 65, na kadi ya michoro ya michezo huweza kupita wati 200. Joto hilo lisipoondolewa, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Nyingi za siku hizi zina kikomo cha nyuzi joto 95 hadi 100 za Selsiasi. Hewa lazima ipite, basi. Swali ni ipite kwa njia gani.

Jibu limo katika hesabu nyepesi. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, tuseme kutoka mizunguko 1,200 kwa dakika hadi 600, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu pia, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Kwa sikio la mwanadamu, kushuka kwa desibeli 10 tu ni kama sauti kupungua nusu. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili zinazozunguka polepole hupitisha hewa inayokaribia ile ya feni moja inayokimbia, na huku zikiwa kimya zaidi kwa takriban desibeli 12. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuiona kompyuta.

Kwa sababu hiyo hiyo, feni pana ni bora kuliko nyembamba. Feni ya milimita 120 au 140 haihitaji kukimbia kama ile ya milimita 80 ili kusukuma hewa ile ile. Beringi nayo ni ya kuangaliwa: zinazoelea juu ya utando wa mafuta huwa tulivu na hudumu kuliko zile za bei ya chini kabisa, ambazo baada ya muda huanza kukwaruza. Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, imejulikana kwa feni za rangi ya kahawia zilizoundwa kwa ajili ya utulivu, ingawa bei yake si ndogo.

Hata hivyo, feni nzuri ndani ya kasha lililozibwa ni kama mtu anayepumua kupitia blanketi. Kasha lenye wavu mbele hupitisha hewa kwa urahisi kuliko lile lililofunikwa kwa kioo. Mpangilio unaotosheleza watu wengi ni feni mbili za mbele zinazoingiza hewa na moja ya nyuma inayoitoa. Kwa kawaida hewa hutokea upande ule wenye vijiti vinavyoshikilia mota. Anayekosea hapo huzifanya feni zishindane. Juu ya prosesa hukaa kipoza joto, yaani mnara wa mapezi ya alumini wenye mirija ya shaba. Kadiri mnara ulivyo mkubwa, ndivyo feni yake inavyoweza kupumzika. Ila urefu wake upimwe kabla ya kununua, la sivyo mlango wa kasha hautafungika. Upozaji wa maji nao si lazima uwe kimya, kwani una pampu inayovuma na feni zake vilevile.

Lililobaki halihitaji fedha. Feni yenye waya wa pini nne huruhusu bodi mama kuiongoza kasi. Katika mipangilio ya BIOS, mwenye kompyuta aweza kuamuru feni zitulie mpaka prosesa ifike, kwa mfano, nyuzi joto 60, kisha zipande taratibu na kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Sikio huzoea mvumo mmoja. Linalolisumbua ni feni inayopanda na kushuka kila programu inapofunguliwa. Aweza pia kuiwekea prosesa kikomo cha chini cha umeme, akapoteza kasi kidogo na kupata utulivu mwingi.

Kwa msikilizaji wa Muscat au Dar es Salaam kuna jambo la kuongeza. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 34, prosesa nayo itapanda kwa takriban nyuzi 12 zile zile. Mwenye kuishi katika joto achague kipoza joto kikubwa kuliko kinachotosha Ulaya, na vichujio vya vumbi avisafishe mara kwa mara. Vumbi likijaa kati ya mapezi, feni hulazimika kukimbia, na kelele iliyofukuzwa hurudi.

Tumrudie mkalimani. Anaongeza feni ya pili mbele, anaweka kipoza joto kikubwa zaidi, na feni zote anazipunguzia kasi. Usiku mwingine simu inaingia. Daktari anasema, mkalimani anatafsiri, na mama anasikia mara ya kwanza: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hakuna anayeulizia kompyuta.