Mlaji na Maneno Anayojiambia Mbele ya Sahani

Mazungumzo kwa ajili ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani, 15 Machi

Lugha yetu ya kisheria humwita kila anunuaye bidhaa au huduma "mlaji", hata kama alichonunua ni bati au simu. Leo nalirudisha neno hilo mahali lilipozaliwa, yaani kwenye sahani. Tumezoea kumlinda mlaji dhidi ya mizani iliyochezewa na bidhaa iliyopitwa na muda. Naomba tuzungumzie pia maneno ambayo mlaji hujiambia mwenyewe kabla ya kula na baada ya kula.

Maneno hayo tunayafahamu. "Leo nimeshaharibu, acha nimalize tu." "Kuanzia kesho siugusi wali." "Mimi sina nidhamu." Mengi kati yake hatukuyabuni wenyewe. Mtu hukukuta njiani na, kabla ya kukuuliza habari za nyumbani, husema, "Mbona umenenepa hivyo?" Aliyepungua naye huulizwa anaumwa nini. Mtoto hulazimishwa kumaliza sahani ingawa ameshiba, kisha akikua husimangwa kwamba anakula sana. Maneno ya wengine yakirudiwa kwa miaka huhamia ndani yetu, tukayasikia kama sauti yetu wenyewe.

Wapo wanaoamini kwamba ukali huo unasaidia. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa karibu nusu wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa muda wa miezi 6. Miili yao ilidhoofu, na fikra zao zikatekwa na chakula. Walikizungumza, walikiota, na wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakajihisi wana njaa. Hawakuwa watu wasio na nidhamu. Mwili ulikuwa ukijitetea.

Basi mtu aliyekunywa chai kavu asubuhi na kuruka chakula cha mchana ili ajiadhibu, asishangae akijikuta usiku amesimama mbele ya sufuria. Kinachohitaji kurekebishwa ni mpangilio wa milo yake, wala si tabia yake.

Tujiambie nini, basi? Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, tusikipe chakula sifa za uadilifu. Chapati si dhambi, na mchicha si toba. Badala ya kusema "nimekula uchafu", tuseme kwa usahihi: "Chipsi hizi zina mafuta na chumvi nyingi, nitakula kiasi, pamoja na kachumbari." Kauli ya kwanza inahukumu, ya pili inakupa la kufanya.

Pili, tujiulize: "Nina njaa, au nina uchovu, huzuni au upweke?" Ikiwa ni njaa, kaa chini, weka simu kando, ule polepole, kwa kuwa taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Ikiwa ni uchovu, chakula hakijakatazwa, ila ujue kwamba mwili ulikuwa ukiomba mapumziko.

Tatu, tukumbuke methali isemayo, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Kwa kawaida humwonya anayejivunia yaliyopita. Nasi tunaweza kuigeuza iwe faraja: pilau ya harusi ya jana haimzuii mtu kula vema leo, wala haidai fidia ya kushinda na njaa.

Mtaniuliza kwa nini ulinzi wa mlaji uingie katika mambo ya moyoni. Ni kwa sababu aibu ina soko lake. Anayejichukia hununua haraka na haulizi maswali. Sibutramini, dawa iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa ya damu, imegunduliwa mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazouzwa kama za asili. Baadhi ya chai za aina hiyo huharisha tu, nazo hupunguza maji ya mwili, si mafuta. Kabla ya kulipa, jiulize: "Ningeinunua hii kama nisingeambiwa kwanza kwamba nina kasoro?" Kisha soma lebo. Ukiishuku bidhaa, toa taarifa: vyakula kwa TBS, dawa kwa TMDA.

Lebo ni rafiki wa akili iliyotulia. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Soda yenye gramu 10 kwa kila mililita 100 hufikisha kiasi hicho kwa chupa moja ya nusu lita. Anayelijua hilo hana haja ya kujitukana. Atachagua chupa ndogo, au maji.

Nina tahadhari mbili. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya figo afuate ushauri wa daktari wake. Na anayejitapisha, anayejinyima hadi kudhoofu, au anayekula kwa siri bila kuweza kujizuia, aende kituo cha afya. Huo ni ugonjwa, na una tiba.

Ndugu walaji, jioni ya leo tujaribu jambo moja. Tukiwa mezani au mkekani, tusitamke neno lolote la kuusimanga mwili, wetu au wa mwenzetu. Watoto wanasikiliza.