Bunduki za Kale na Risasi za Kubahatisha
(Maneno yaliyotolewa na Idara ya Uhusiano wa Polisi na Wananchi katika baraza la mpakani, Karamoja)



Mzee mmoja alitujia akauliza: “Wanangu, bunduki ya babu haina risasi tangu nikiwa mtoto. Ina ubaya gani?” Swali hilo ni la haki, nasi tumeona lijibiwe mbele ya wote.

Kwanza tukumbuke zilikotoka. Mwaka 1874 jeshi la Ufaransa lilianza kutumia bunduki iitwayo Gras, ya milimita 11, inayobeba risasi moja tu kwa kila mlio. Ilipopitwa na wakati, nyingi ziliuzwa Ethiopia, ambako watu waliziita “wujigra”, yaani fusil Gras kwa matamshi yao. Zilikuwamo mikononi mwa majeshi ya Menelik katika vita vya Adwa, mwaka 1896. Baadaye wafanyabiashara wa pembe za ndovu wakashuka na bunduki za kale hadi Turkana na huku kwetu Karamoja. Kwa hiyo chuma kinachokutwa leo juu ya dari huenda kina umri kuliko mpaka wenyewe.

Sasa hatari iko wapi? Gras iliundwa kwa baruti nyeusi, yenye moshi mwingi. Mwaka 1886 Wafaransa wakatoa bunduki ya Lebel, ya milimita 8, ya kwanza ya kijeshi kutumia baruti isiyo na moshi, ambayo nguvu yake ni kubwa zaidi. Anayechukua baruti ya risasi za siku hizi akaitia katika ganda la zamani anakitaka chuma cha mwaka 1874 kihimili nguvu ambayo hakikuumbiwa. Mtutu hupasuka, na komeo huweza kumrudia mpigaji usoni.

Msidhani kwamba kosa hili ni la wasiosoma. Mwaka 1924 jeshi hilohilo la Ufaransa lilitoa risasi mpya ya milimita 7.5. Ikakaribiana mno na risasi ya Mauser ya Kijerumani. Zikachanganywa, na ajali zikatokea. Mwaka 1929 Wafaransa walilazimika kulifupisha ganda hadi milimita 54, ili ya Mauser isiweze kuingia. Ikiwa jeshi lenye viwanda na wahandisi lilikosea, kijana mwenye nyundo na moto wa mkaa atasalimikaje?

Tunasikia kwamba wapo wanaokusanya maganda na kuyajaza upya. Katika nchi nyingine kazi hiyo hufanywa na watu wenye leseni, kwa mizani na vipimo sahihi. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki au risasi awe na kibali, na kuzitengeneza bila idhini ni kosa. Nayo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inaziunganisha nchi zetu jirani katika kuuzuia utengenezaji huo haramu. Kuvuka mpaka hakumfichi mtu.

Tunajua pia kinachowazuia kuja. Tangu upokonyaji wa silaha ulipoanza mwaka 2001, na tena mwaka 2006, wapo waliopata maumivu, na kumbukumbu hizo hazifutwi kwa hotuba moja. Hatuwaombi mzisahau. Tunawaomba mpitie njia hii: mwenye bunduki ya urithi asiibebe barabarani wala asiijaribu. Amwendee mzee anayemwamini, au mwenyekiti wa LC, waje pamoja kituoni kutoa taarifa mchana, mbele ya mashahidi. Kila kinachopokelewa kiandikwe, na aliyekileta aombe nakala ya maandishi hayo. Hiyo ndiyo kinga yake, na kinga yetu pia.

Kwa watoto machungani, neno ni fupi. Ukiona risasi ardhini, hata iliyoota kutu, usiiguse, usiigonge, usiitupe motoni. Weka alama mbali nayo, waondoe wenzako na ng'ombe, kisha umwite mtu mzima. Kutu huharibu ganda. Haituhakikishii kwamba baruti imekufa.

Yule mzee tulimjibu hivi: bunduki ya babu inaweza kukaa kimya miaka mia, lakini kimya chake hukoma siku mjukuu anapoitafutia risasi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nasi hatupendi kuja kwenu kwa ajili ya mazishi. Karibuni kituoni tungali tunazungumza.