Siku ya Kutua Nayo Ina Posho



Katika jubilei watu huwataja waliojenga. Leo nawaomba tuwataje waliotuletea vya kujengea, yaani madereva wa malori makubwa yatokayo Dar es Salaam. Nondo, mabati, mafuta, sabuni, vitu vingi vya maduka yetu hapa Mwanza vyaja kwa mikono yao, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,100. Wakifika twawalaki, wakisha kushusha twawasahau, ijapokuwa wangali papa hapa mjini.

Wangali hapa kwa kuwa wangoja mzigo wa kurudi nao. Shehena ipandayo kutoka pwani ni nyingi kuliko ile ishukayo. Katikati ya mwaka, msimu wa pamba ukifunguliwa na mpunga ukivunwa, malori hupata kazi. Msimu ukipita, kazi hupungua. Minofu ya sangara yataka gari lenye baridi. Lori la turubali haliwezi kuichukua. Na lori la tangi, lililoleta mafuta, haliwezi kupakia hata gunia moja la dagaa. Hilo hurudi tupu.

Basi dereva afanyeje? Akirudi tupu, mafuta ya njiani yametumika bure, na mwenye gari hununa. Akingoja, siku zapita, na fedha yake yaishia kwa mama lishe. Dalali aijua sana hesabu hiyo, naye huipunguza bei kila siku mtu anapozidi kuchoka. Ndipo dereva hukubali ujira usiotosha. Au hukubali mzigo uliozidi, ijapokuwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mpaka, tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na mizani yamngoja njiani. Au huondoka usiku na usingizi machoni, ili afidie siku zilizopotea. Hapo kungoja kwake kumekuwa hatari yetu sote, maana barabara ni moja.

Wako wasemao, "Amelala tu chini ya lori, leo hana kazi." Je, utamwambia mlinzi kwamba hakufanya kazi kwa sababu mwizi hakuja? Methali yasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hawezi kushika jembe la mtu. Alinda magurudumu, betri na mafuta ya mwenye gari, na simu ikilia hana budi kuondoka mara.

Sisi wa nchi hii tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Katika karne ya 19, kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri, wakishuka pwani na pembe na kupanda na nguo. Desturi ya msafara ilikuwa kumpa mpagazi posho siku ya kwenda, na siku ya kutua kambini vile vile, maana tumbo halijui kama msafara umesimama. Mkuu wa msafara aliyenyima posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo ipo, watu hawapo.

Twalisifu daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa kama kilomita 3. Malori yaendayo Geita na Bukoba hayangoji tena pantoni pale. Lakini hakuna daraja la kumvusha mtu siku za kungoja mzigo. Hapo atategemea uungwana wetu.

Kwa hiyo yatupasa haya. Wenye magari, siku za kungoja ziandikwe katika hesabu ya safari tangu mwanzo, zisilipwe kwa mfuko wa dereva. Wenye mizigo na madalali, mkisema kesho, iwe kesho. Msimwite mtu kwa mzigo usiokuwa tayari. Nasi wenyeji tuwape mahali penye taa pa kuegesha, maji ya kuoga, choo safi, na chakula kwa bei ile ile tunayolipa sisi.

Mkimwona mtu ametandika mkeka chini ya lori, mwamkieni. Yuko kazini, na nyumbani kwake wamhesabia siku.