Namba Zinazokataa Kugawanyika



Leo tuzungumze hesabu. Msikimbie! Hesabu hii tunaifanya kwa punje za mahindi.

Chukueni punje 12. Zipangeni kwa mistari iliyo sawa. Zinakubali: mistari 3 ya punje 4, au mistari 2 ya punje 6. Sasa ongezeni punje moja, ziwe 13. Zinakataa! Kila mkijaribu, kuna zinazobaki. Zinakaa sawa katika mstari mmoja tu. Namba kama 13 huitwa namba tasa. Hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe, basi.

Lakini tusidanganywe na sura. 91 inafanana na namba tasa, kumbe ni 7 mara 13. Kutazama hakutoshi. Ni mpaka tugawanye.

Je, namba tasa zina mwisho? Hazina. Mgiriki Euclid alithibitisha hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kupita zote zilizokuwa zimejulikana. Ina tarakimu 41,024,320. Tukiandika tarakimu 1,000 kila ukurasa, tutajaza kurasa zaidi ya 41,000.

Mtu atauliza: sisi wakulima wa alizeti inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Mwaka 1977, huko Marekani, wataalamu Rivest, Shamir na Adleman walibuni kufuli ya kulinda habari za siri. Huchukuliwa namba tasa mbili kubwa, zenye tarakimu mia na zaidi kila moja, zikazidishwa. Kuzidisha ni rahisi. Lakini ukipewa jibu peke yake, kuzitafuta zile mbili ni kazi ngumu mno, hata kwa kompyuta. Kufuli za aina hiyo zimelinda habari za benki nyingi duniani.

Mwizi naye anajua kufuli hiyo haivunji. Anafanyaje? Anapiga simu: "Mama, umeshinda zawadi! Nitajie namba yako ya siri." Ukimtajia, umemfungulia mlango wewe mwenyewe. Fedha za alizeti zimekwenda. Mtu huyo ni kama ile 91: sura nzuri, ndani siyo. Basi tusimtajie mtu namba ya siri, hata akijiita mtumishi wa kampuni ya simu.

Zoezi la nyumbani: 101 na 119, ipi ni tasa na ipi inajifanya? Chukueni punje, mpange.