Kila pesa na bon yake: maneno tuliyosema kwenye mkutano wa Luberizi



Wengi mliuliza: juu ya nini programu ya telefone ya kese yetu inachelewa? Tujibu.

Katika daftari la zamani tulikuwa tunaandika jumla tu. Mtu akileta mchango, tunafuta jumla ya kwanza, tunaandika nyingine. Siku moja jumla ya mama mmoja ikapungua, na hakuna aliyeweza kuonyesha tulikosea wapi. Tulimrudishia, lakini pesa ilitoka kwenye fungu la mbegu za mpunga, na manung'uniko yakabaki.

Vijana wetu wanafuata njia inayoitwa mfano wa amri. Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1994, pamoja na mifano mingine 22.

Fikirini bon ya stoo. Anayeiandika hapimi unga. Anayepima unga haulizi hadisi yako ya ukimbizi. Bon yenyewe inabeba yote: nani, nini, kilo ngapi. Ndani ya programu, kila kazi inakuwa bon ya namna hiyo: "Pokea franka 5000 za fulani." Kitufe unachobonyeza hakijui hesabu. Kinapeleka bon tu. Kese ndiyo inahesabu.

Faida iko wapi? Rezo ikikatika, bon zinangoja kwa mstari, kisha zinatekelezwa moja moja. Kila bon inajua kazi mbili: kutekeleza na kutengua. Na kwa sababu zote zinatunzwa, tunaweza kuanza kwa sifuri, kuzipitisha tena zote, na jumla lazima itoke ileile.

Lakini tusidanganyane. Pesa ikiisha kutoka mkononi, telefone haiirudishi. Kwa hiyo tumekatalia vijana kufuta. Kosa litasahihishwa kwa bon nyingine ya kupinga ile ya kwanza, yenye jina la aliyeiruhusu. Zote mbili zitabaki zinaonekana. Kazi hiyo ndiyo inachelewesha.

Tunaomba wamama wawili wasioshika kese waijaribu pamoja na vijana. Na kila mkutano tutasoma bon zote kwa sauti. Mfadhili atajua pesa yake ilipita wapi, na mama wa kwetu hataombwa tena kuamini tu.