TUCHORE MTAA WETU, KIDOGO KIDOGO KILA SIKU
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware



Mzee mmoja ameniuliza hapo nje kama picha inaliwa. Swali lake ni la haki. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kwenda mjini kununua rangi za bei ghali. Kwa hiyo nasema juu ya kazi ndogo tu: mchoro mmoja kwa siku, usiozidi daftari la shule, unaochorwa nje, mbele ya kitu chenyewe, bila kuiga kalenda wala picha ya simu.

Wako waliotutangulia. Dar es Salaam, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwenye vipande vya mbao kwa rangi za kawaida za dukani. Hakusomea sanaa. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na baadaye wakawa na ushirika wao. Hapa Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wakiandika mabango. Mwaka 2001 wakaanzisha kikundi cha Maasai Mbili. Naye Solomon Muyundo, yule Solo 7, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 alizunguka akiandika maneno ya amani kwenye kuta.

Sasa, tuanze na nini? Makaa. Kila jiko linayo. Chukua kipande cha katoni, kipake rangi nyeupe ya ukuta iliyobaki kwa fundi, kikauke. Ukipata nyekundu, njano na buluu, zinatosha, nyingine utachanganya mwenyewe. Toka asubuhi, kwa maana jua likipanda mabati yanang'aa hadi macho yanauma, na vivuli vinahama. Chora kwa muda wa saa moja, kisha acha hata kama haijapendeza. Kesho chora kingine. Anayeng'ang'ania picha moja mwezi mzima huichosha, naye akachoka.

Nyuma ya kila mchoro andika tarehe na mahali: Laini Saba kando ya reli, Gatina, soko la Toi. Msilidharau jambo hili. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera ili barabara ipite. Watu walibeba mabati na magodoro. Ni nani kati yenu ana picha ya mlango wake wa zamani?

Lakini kuna jambo lililo gumu kuliko rangi. Kijana mmoja Kawangware alikaa kumchora mama anayekaanga samaki. Mama akasimama na mwiko mkononi: "Unanichora ukaniuze wapi?" Majirani wakaja, na kijana akakunja vitu vyake. Mimi naona mama alikuwa na haki. Wageni wengi wamepita huku wakachukua sura zetu, hatukuona kitu. Kijana alirudi siku ya pili bila makaa, akaomba, wakaelewana: mchoro wa kwanza ni wa mama. Umetundikwa juu ya karai, una mafuta sasa, lakini upo.

Mgeni naye atataka mtaro mchafu na mtoto asiye na viatu, kwa kuwa ndiyo Kibera aliyoisikia. Mtaro upo, na uchorwe. Lakini fundi cherehani yupo pia, na kinyozi, na mama anayekatakata sukuma wiki. Mkichora mtaro peke yake kwa sababu unanunuliwa, jamani, hiyo ni kuomba kwa brashi.

Basi kikundi kikubaliane: mchoraji apate sehemu gani, mfuko wa kikundi upate gani, na aliyechorwa apate nini. Hilo la tatu vikundi vingi huliruka. Liandikwe leo, kabla picha ya kwanza haijauzwa. Katibu, kalamu iko?