Njia Bila Mabasi Haimfikishi Mtu Kazini



Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiotimia laki tatu. Ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Treni ya mjini ilianza 2012. Mwendokasi ulianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, kwa mabasi 140, hali mpango ulitaka zaidi ya 300. Njia ilijengwa, magari yakawa haba. Njia ni mfereji, basi ndiyo maji. Mfereji mkavu haumnyweshi mtu. Kila basi kubwa linalolala gereji kwa kukosa kipuri huacha watu mia na zaidi kituoni.

Basi katika matawi tusiulize kilomita tu. Tuulize: alfajiri ya leo yametoka mabasi mangapi? Treni imevuta mabehewa mangapi? Mdai haki huja na hesabu.